Kibodi ya Mkono Mmoja

Tusajigwe aliiweka kibodi juu ya meza ya fundi kwa mikono miwili, akanyoosha mgongo. Ilikuwa na uzito wa tofali la saruji. Ganda lake lilikuwa jeupe zamani. Sasa lilikuwa na rangi ya meno ya mvuta sigara, na vitufe vya irabu vilikuwa vimelika hadi herufi zake kufutika.

"Ni ya mama yangu," alisema. "Nataka uipunguze."

Ambokile, fundi wa kibodi pale Mwanjelwa, hakuigusa kwanza. "Niipunguze nini? Kelele au ukubwa?"

"Ukubwa. Ikae mapajani pake, na aweze kuitumia kwa mkono wa kushoto peke yake."

"Mama ni nani?"

"Mhandisi Sekela Mwaipaja."

Tangu mvuke ulipolipuka kwenye kituo cha umeme cha Ilulwe na kuua watu watano, hapakuwa na mtu Mbeya asiyelijua jina hilo. Ambokile alikuwa amemwona kwenye habari, mwanamke mnene mwenye miwani, akipita katikati ya waandishi bila kusema neno. Baadaye ikaja habari kwamba amepata kiharusi.

"Pole sana. Anaendeleaje?"

"Akili iko sawasawa. Mkono wa kulia na ulimi ndivyo vilivyokataa." Tusajigwe aliivuta kofia ya sweta lake nyuma. "Wiki ijayo anatoa ushahidi mbele ya Tume ya kuchunguza ajali. Sauti hana. Na hata angekuwa nayo, fundi, unajua isingepokelewa."

Ambokile alijua, kazi yake ilitoka hapo. Siku hizo watu hawakuandika kwa vidole. Walisema, na Karani, ule mfumo uliokaa ndani ya simu na kuta za nyumba, akaandika vizuri kuliko walivyosema. Lakini Karani aliweza pia kusema kwa sauti ya mtu yeyote, hai au marehemu, na baada ya kesi kadhaa za aibu mahakama ziliacha kusikiliza sauti. Wosia, ridhaa na ushahidi vilirudishwa kwenye vidole. Mtu aliandika mwenyewe, kwenye kibodi iliyosajiliwa kwa jina lake, na ndani yake kulikuwa na kinasa kilichoujua mkono wake: mahali unapokawia, herufi unazozikimbilia, uzito wa kila kidole. Kinasa kikiridhika kilitia muhuri wa kijani pembeni mwa maandishi. Kisiporidhika muhuri ulikuwa mwekundu, na maneno yale kisheria hayakuwa ya mtu.

"Kwa nini usimsajilie mpya?" aliuliza Ambokile. "Zipo ndogo, nyepesi, za vioo."

"Usajili mpya unachukua miezi. Na Tume inataka kifaa alichokuwa nacho siku ya ajali."

Ambokile aligeuza kibodi, akafungua skurubu, akainua ganda. Ndani kulikuwa na bamba la chuma lililopinda kidogo kama mgongo wa sahani, na juu yake safu za springi, kila moja chini ya kitufe chake. Kazi ya zamani, ya watu waliotaka kitu kidumu kuliko wao. Kwenye kona ya kulia, chini ya vitufe vya namba, paliketi kinasa: kijisahani cha saketi ukubwa wa ukucha wa dole gumba, kimezibwa kwa gundi nyeusi. Hicho hakikuwa cha zamani. Kilikuwa na nembo ya Nguvutambo, kampuni iliyokiendesha kituo cha Ilulwe.

"Hiki wamekiweka waajiri wake?"

"Waliwawekea wahandisi wote."

"Sitakifungua," alisema Ambokile. "Nikivunja gundi hii ninafungwa. Nitakihamisha tu."

"Sijakuomba ukifungue."

"Nakuambia mapema. Kesho nitakuja kuupima mkono wake."

* * *

Nyumba ilikuwa Uyole, na baridi ya Uyole ilikuwa imeingia hadi sebuleni. Mhandisi Sekela alikuwa kwenye kiti cha magurudumu karibu na dirisha, kitenge kimekunjwa miguuni.

"Shikamoo, mama."

Aliitikia kwa kichwa na kwa sauti ndogo ya kooni iliyokuwa "marahaba" bila konsonanti zake. Kisha akanyoosha mkono wa kushoto kabla hajaombwa, vidole vimetanuka, kama mtu anayekwenda kuvishwa glavu. Ambokile aliweka karatasi chini yake, akauzungushia penseli. Alimpima kidole cha mwisho kinafika wapi bila kuinua kiganja, na dole gumba linakwenda ndani kiasi gani.

"Nitakata safu yote ya juu," alimweleza huku akichora. "Namba zinaondoka. Mishale inaondoka. Herufi za kulia nazo naziondoa zote. Hapa pa dole gumba naweka kitufe kimoja. Ukikishikilia, herufi za kushoto zinageuka kuwa za kulia, kama kwenye kioo. Kidole kilichozoea kuandika F ndicho kitaandika J. Nimewahi kumtengenezea mtu mmoja wa Tukuyu, alizoea haraka. Halafu Q na X tunazitoa, Kiswahili hakina kazi nazo. Pale pa Q, karibu na kidole cha pete, naweza kuileta A."

Sekela alitikisa kichwa. Akaweka kidole cha mwisho kwenye A palipokuwa pake kwenye ile kibodi kubwa, akagonga mara kadhaa.

"Anataka ibaki ilipo," alisema Tusajigwe.

"Kidole cha mwisho ni dhaifu, mama, na A ndiyo inayotumika kuliko zote."

Sekela aligonga tena.

"Haya. A inabaki."

Ambokile aliomba aandike kidogo kwenye kibodi ilivyo, aone mwendo wa mkono. Tusajigwe aliunganisha kioo cha kuonyeshea maandishi, akaisogeza kibodi kwenye meza ndogo. Mama alivuta pumzi, akaandika G, akasubiri, akaandika W, A, K. Kabla hajafika kwenye herufi inayofuata, kioo kilijaa:

*Gwakisa Mwambije, mwendeshaji wa zamu, aliondoka kituoni bila idhini.*

Muhuri wa kijani ukawaka pembeni.

Sekela alifuta. Akaanza upya. Safari hii aliandika *aliita*, polepole, akiinua kidole juu baada ya kila herufi kama mtu anayemkwepa mbwa. Kioo kilingoja. Alipobonyeza nafasi, neno lilibadilika mbele ya macho yao: *alipokea maelekezo ya kusubiri na akayakiuka.* Kijani.

Alifuta tena. Jasho lilikuwa limemtoka juu ya mdomo. Tusajigwe aliutoa mkono wa mama yake kwenye vitufe, akaurudisha mapajani, akautuliza pale.

"Huo ni msaada," alisema Ambokile.

"Ndiyo."

Msaada uliongezwa kwenye vinasa kwa ajili ya wazee. Mikono iliyotetemeka ilikosea, muhuri ukakataa, watu wakafa bila wosia. Basi vinasa vikaruhusiwa kumalizia neno pale kidole kiliposhindwa, kwa namna mwenyewe alivyozoea kulimalizia. Baadaye vikaruhusiwa kumalizia sentensi. Watu wengi waliona ni huruma.

"Mama aliandika ripoti zao miaka yote," alisema Tusajigwe. "Lugha yao, mpangilio wao. 'Taratibu zilizingatiwa.' 'Hatua stahiki zilichukuliwa.' Kinasa hakijui lugha nyingine. Jioni ya ajali walimketisha aandike, mikono inamtetemeka. Akaandika maneno machache, hicho kidude kikajaza ukurasa mzima. Mwanasheria wao akauchukua kabla mama hajamaliza kuusoma. Siku hiyo hiyo alianguka."

"Na kilichotokea ni nini?"

Tusajigwe alimtazama mama yake, naye akafumba macho kama kumpa ruhusa.

"Alinisimulia njiani kutoka kituoni, kabla ulimi haujamkataa. Alikuwa chumba cha kuongozea mitambo. Gwakisa alikuwa kwenye vali, chini. Alipiga redio akasema shinikizo linapanda, kuna watu wanne kwenye handaki, wapewe amri ya kutoka. Meneja akasema asubiri. Akapiga tena. Asubiri. Mara ya mwisho akasema anakwenda kuwatoa mwenyewe. Akaondoka kwenye vali. Kwa hiyo unaona, hawajasema uongo. Aliondoka kituoni pake, pale kwenye vali, na hakuwa na idhini."

"Na alikufa nao."

"Alikufa nao. Mkewe, Bupe, hasalimiwi na wajane wenzake. Wanasema mumewe ndiye aliyewaua waume zao kwa kuacha vali."

Ambokile alikunja ile karatasi yenye umbo la mkono, akaitia mfukoni. Mlangoni alisema tu kwamba atawapigia kazi ikiiva.

* * *

Alianza kwa kung'oa kofia za vitufe na kuziloweka kwenye maji ya sabuni. Kisha akatoa springi moja moja, akazipanga kwenye trei kwa mpangilio wake, kwa sababu kila springi ilikuwa imezoea kidole chake na hakutaka kuzichanganya. Alilibana bamba kwenye jiliwa, akapitisha msumeno wa chuma kwenye mstari alioupiga kwa msumari. Chuma kililia hadi jirani yake, muuza mbegu, akafunga dirisha.

Kipande cha juu kilidondoka. Kisha cha kulia. Kilichobaki kilitosha kufunikwa na kiganja na vidole vyake. Alizipiga tupa kingo, akazipitishia msasa mpaka alipoweza kuziburuza kwenye ngozi ya mkono bila kuchubuka. Ganda alilichonga kutoka kwenye ubao wa mkaratusi, jepesi, lenye mteremko kidogo kufuata mapaja ya mtu aliyekaa.

Kilichobaki ilikuwa saketi.

Kinasa kilikuwa na nyaya kuelekea vitufe, nyingi, nyembamba kama nywele. Hizo zilisoma. Na kulikuwa na njia moja pana ya shaba iliyotoka kwenye kinasa, ikazunguka chini ya vitufe vya namba, ikarudi kwenye waya wa kuelekea kioo. Hiyo iliandika. Msaada wote ulipita pale. Muhuri ulikuwa na njia yake nyingine, upande wa pili.

Ambokile alikaa akaitazama. Vitufe vya namba vilikuwa vinaondoka vyote, na saketi iliyokuwa chini yake nayo ilipaswa kukatwa ili iingie kwenye ganda jipya. Kama angetaka msaada uendelee, angelazimika kulehemu waya wa kuunganisha zile ncha mbili. Kama asingetaka, alichotakiwa kufanya ni kutoongeza kitu. Gundi nyeusi isingeguswa. Angeweza kusema alikata kwa ajili ya ukubwa, na asingekuwa amesema uongo.

Jambo hilo halikumkaa vizuri. Hata hivyo alihakiki vipimo vyake, akakihamishia kinasa upande wa kushoto bila kugusa gundi, akakata saketi, akaacha ncha wazi, kisha akampigia Tusajigwe amlete mama yake dukani ajaribu.

Walikuja asubuhi iliyofuata. Kibodi ilikaa mapajani pa Sekela kama paka. Aliipapasa kingo kabla ya kuandika. Kisha akaandika *Gwakisa aliita*, akikosea njiani, akifuta, dole gumba likisahau kushikilia. Maneno yalibaki kama alivyoyaandika.

Muhuri uliwaka mwekundu.

Aliandika jina lake mwenyewe. Mwekundu.

"Ndivyo nilivyoogopa," alisema Ambokile. "Kinakumbuka mikono miwili, mama. Mkono huu mmoja hakiujui. Kwa muda wote huu muhuri wa kijani ulikuwa unatolewa kwa maneno ya msaada. Kilikuwa kinajitambua chenyewe."

Tusajigwe alishika ukingo wa meza. "Kwa hiyo akiandika ya kweli, si yeye. Akiandika ya kwao, ni yeye."

"Kwa leo, ndiyo. Akifanya mazoezi kitauzoea mkono mpya. Lakini si kwa wiki moja."

"Huwezi kukifanya kikubali? Wewe ni fundi. Kitie kijani tu, halafu mama aandike ukweli. Utakuwa umemdhulumu nani?"

Ambokile alikuwa ameshaliwaza hilo, na alijua lingewezekana: waya mmoja kutoka kwenye betri kwenda kwenye njia ya muhuri, na kila neno lingekuwa la kijani, la Sekela au la mpita njia.

"Dada Tusa, nikifanya hivyo muhuri huo utakuwa hauna tofauti na ule wao. Kesho mtu mwingine ataniletea kibodi ya baba yake aliyelala hospitali, aniambie niitie kijani, maana yeye anajua baba anataka nini. Nitamwambia nini?"

"Utamwambia hapana. Huyu ni mama yangu, na watu watano wamekufa."

"Naye atakuwa na sababu yake."

"Basi rudisha waya wako!" Tusajigwe alipaza sauti, kisha akajizuia. "Rudisha, aende akatie sahihi uongo, aendelee kuishi nao. Afadhali iwe wazi kwamba hatukuweza."

Sekela alipiga meza kwa kiganja. Wote wawili wakamgeukia.

Ambokile aliinama hadi macho yao yakalingana. "Mama, ni kibodi yako. Niambie wewe. Naweza kurudisha msaada, muhuri ukubali, maneno yawe yale yale. Au niache hivi, maneno yawe yako, na muhuri ukatae. Nikiacha hivi, Tume wakiniuliza nitawaambia nilichofanya. Sitaficha."

Alichukua waya mfupi, akagusisha zile ncha mbili kwa muda ili naye aone tofauti, akamsogezea kioo. Sekela aliandika K, A, T. Kioo kikamalizia: *Katika kuzingatia taratibu za usalama.* Kijani.

Alikitazama kile kioo. Kisha mkono wake wa kushoto ukavuka meza, ukapita bisibisi na tupa, ukaichukua plaizi ya kukatia. Hakuweza kuikaza. Aliuweka mdomo wa plaizi juu ya ule waya, akamwangalia Ambokile, akasubiri aje ambane vidole.

Ambokile aliufunika mkono wa mama kwa mkono wake, akaubana. Waya ukakatika.

* * *

Ukumbi wa Tume ulikuwa umejaa. Wajane wanne walikaa safu ya mbele upande wa kulia. Bupe alikaa upande wa kushoto, peke yake, viti viwili vitupu kila upande. Mwanasheria wa Nguvutambo, kijana mwenye suti safi, aliwasalimu wote kwa heshima alipoingia.

Mkaguzi Nzowa aliongoza kikao. Alikuwa mtu mzima, mwenye sauti ya kuchoka, na kazi yake kwanza ilikuwa kuhakiki kifaa.

"Kibodi hii imefanyiwa marekebisho?"

"Ndiyo, mheshimiwa," alisema Ambokile akiwa amesimama. "Nimeipunguza ili aweze kuitumia kwa mkono mmoja. Katika kuipunguza, njia ya msaada imekatika. Ningeweza kuirudisha na sikuirudisha. Nilifanya hivyo kwa kusudi, na mwenye kibodi aliridhia. Sehemu nilizokata ninazo, kama sheria inavyotaka."

Minong'ono ilipita ukumbini. Nzowa aliinua macho kutoka kwenye makaratasi.

"Unajua kwamba msaada ni sehemu ya kinasa?"

"Kinasa sijakifungua. Lakini sibishani, mheshimiwa. Nimesema nilichofanya."

"Shahidi aandike."

Sekela aliandika. Kioo kikubwa cha ukumbini kilionyesha kila herufi ilipotua. Ilichukua muda mrefu, na watu wa nyuma walianza kukohoa. *gwakisa aliita mara ya kwanza. tulimsikia wote. meneja alisema subiri.* Muhuri ulikuwa mwekundu tangu neno la kwanza, na ulikaa vilevile.

Mwanasheria alisimama. "Mheshimiwa, kwa masikitiko makubwa, maandishi haya si ya shahidi. Kifaa chenyewe kinasema hivyo. Tunayo ripoti yake ya siku ya ajali, yenye muhuri halali. Tunaomba hiyo ndiyo ichukuliwe."

"Kaa," alisema Nzowa. Alisugua paji la uso. Alikuwa ameapa kufuata muhuri, na alikuwa ameufuata kwa muda mrefu kiasi kwamba hakuuliza tena unatoka wapi. "Fundi, rudisha ulichokata. Shahidi aandike kwa kifaa kilivyokuwa. Tukipata muhuri tuendelee."

Ambokile alifungua mkoba, akatoa kile kipande cha saketi, akaomba mahali pa kuchomeka chuma cha kulehemu. Harufu ya risasi ya kulehemu iliyoyeyuka ikasambaa mbele ya ukumbi. Alipomaliza alirudi nyuma.

"Mama Sekela," alisema Nzowa, "tafadhali andika tena sentensi ile ya kwanza."

Sekela aliandika G. Akaandika W. Akasimama hapo, akaondoa mkono kabisa kwenye kibodi, akauinua juu ili kila mtu auone.

Kioo kiliendelea peke yake. *Gwakisa Mwambije, mwendeshaji wa zamu, aliondoka kituoni bila idhini. Hatua stahiki za usalama zilikuwa zimezingatiwa.* Herufi zilitua kwa mwendo mzuri, zikikawia mahali fulani na kukimbia mahali pengine, kama vidole vya mtu hodari. Mkono wa Sekela ulikuwa bado juu. Muhuri ukawaka kijani.

Hakuna aliyekohoa. Mmoja wa wale wajane wanne, aliyekuwa na mtoto mgongoni, alisema kwa sauti, si kwa kumwambia mtu yeyote, "Lakini hajagusa."

Mwanasheria alikuwa amesimama tena na mdomo wazi, kisha akakaa bila kuombwa.

Nzowa aliahirisha kikao. Kiliporejea, alisoma uamuzi wake kwa sauti ile ile ya kuchoka: maandishi mekundu hayawezi kupokewa, kwa kuwa sheria inakataa, maandishi ya kijani hayawezi kupokewa, kwa kuwa ukumbi mzima umeona. Ripoti ya siku ya ajali inawekwa kando. Vinasa vyote vya kampuni hiyo vichukuliwe kuanzia kesho yake vikaguliwe, na rekodi za redio za Ilulwe, ambazo kampuni ilisema hazikuwa za lazima, ziletwe. Na fundi Ambokile Mwakalobo, kwa kubadilisha kifaa cha kiapo bila kibali, ananyang'anywa leseni kuanzia saa hiyo, mpaka itakapoamuliwa vingine.

Ambokile aliitoa kadi yake ya leseni shingoni akamkabidhi mtumishi wa Tume, ambaye aliipokea kwa mikono miwili, kama mtu anayepewa kitu msibani.

* * *

Nje kulikuwa na jua lisilo na joto. Tusajigwe alikisukuma kiti cha mama yake hadi barazani, akakikingia upepo. Ambokile alikuwa anafunga mkoba wake.

"Utafanya nini sasa?" Tusajigwe alimuuliza.

"Sijui. Nina majiliwa mawili na msumeno. Watu bado wanakalia viti." Alijaribu kucheka. "Nitatengeneza viti."

"Ndaga, kaka, asante sana. Sina neno jingine."

Bupe alitoka ukumbini mwisho kabisa. Alikuwa mwanamke mfupi aliyevaa koti la kiume lililomzidi mabegani. Wale wajane wanne walikuwa wamesimama penye ngazi, nao walimwona, na yule mwenye mtoto mgongoni akasogea kidogo kumpisha, au labda kumkaribisha. Bupe hakusubiri kujua. Alikwenda moja kwa moja kwenye kiti cha magurudumu, akapiga goti moja.

"Shikamoo, mama mhandisi."

Sekela alimshika bega.

"Ulimsikia mwenyewe? Kwenye redio?"

Sekela akaitikia kwa kichwa.

"Mimi waliniletea koti lake na barua ya kampuni. Hakuna aliyeniambia alisema nini." Bupe alilivuta lile koti mabegani. "Hiyo mara ya mwisho. Alipokuwa anaondoka. Alisema nini?"

Ambokile aliichukua kibodi kutoka kwenye mkoba wa Tusajigwe. Aliikata ile njia ya msaada aliyoirudisha, akaiweka mapajani pa mama, akakiegemeza kioo kidogo kwenye goti lake ili Bupe akione. Sekela alifikiri kwanza, muda mrefu, akitafuta maneno yenyewe na si maana yake tu. Kisha akaanza.

Alikosea N mara mbili. Dole gumba liliteleza. Muhuri ulikuwa mwekundu, na Bupe hakuutazama. Alikuwa anasoma kila herufi kwa midomo, kama mtu anayejifunza, na herufi moja ilipochelewa alisubiri bila kubahatisha.

*nisimamieni vali. nashuka. juma analia huku chini nasikia analia*

Bupe aliisoma mpaka mwisho. Kisha akageuka kuelekea kwenye ngazi, akamtafuta kwa macho yule mjane mwenye mtoto mgongoni, mke wa Juma, akamwita kwa jina.